Msumari wa Nane

Sajini Sadick alitumwa Kebweri kuchukua vitu vitatu tu: jembe, maelezo ya mtuhumiwa, na mtuhumiwa mwenyewe. Mkuu wake wa kituo alishaandika jina la Kezia kwenye hati ya mashtaka tangu jana, wino umeshakauka, na lori la kwenda Musoma lingepita kijijini saa nane mchana. Kesi ya kuua haina dhamana. Anayepanda lori lile anaweza kukaa mahabusu miaka miwili kabla jaji hajamwona usoni, na Kezia alikuwa na watoto wawili, wa mwisho bado ananyonya.

Mtu mwenye akili zake angechukua hivyo vitu vitatu akarudi Tarime kula chakula cha mchana. Lakini Sadick alikuwa na ubishi wa kurithi. Baba yake, fundi cherehani wa Mugumu, hakumkabidhi mtu nguo hata siku moja kabla ya kuigeuza ndani nje na kuukagua mshono, hata kama mteja amesimama anatukana. Mwanawe alikuwa hivyo hivyo na mafaili ya watu.

Landrova ilipozimwa mbele ya ofisi ya kijiji, kengele ililia upande wa shule. Konstebo Matiko, mtu wa Gorong'a hapo jirani, akasema huyo ni Mwalimu Hezekia anaita darasa lake la elimu ya watu wazima. Leo kapata kengele, akaongeza. Siku zote hugonga rimu ya gari. Sadick alikuwa akimtazama mwenyekiti wa kijiji anavyokuja, maana alikuja kama mtu anayefukuza mbuzi shambani.

Mwenyekiti Simioni hakusalimia. Alisema polisi wamechelewa. Tangu Agosti hii ya sabini na nne watu wote wamehamia kijijini kama ilivyoagizwa, imebaki nyumba moja tu ng'ambo ya mto, ya marehemu Tomaso, baba mkwe wa huyo Kezia, na Jumamosi ataibomoa, marehemu awe amezikwa au hajazikwa. Mchukueni huyo mwanamke tupumue, akasema.

Kezia alikuwa amefungiwa ghala la ushirika, amekaa juu ya gunia la mahindi, kifua cha gauni kimelowa maziwa. Alimwangalia Sadick kama anavyoangaliwa mtu aliyekuja kudai kitu ambacho si chake.

Sadick aliuliza, yeye akajibu, wala hakupamba. Mumewe yuko Kenya kwenye mashamba ya chai. Yeye ndiye aliyekuwa akimpikia baba mkwe. Jumatano mchana alijitwisha mahindi kwenda mashineni, akakuta mashine mbovu na mwenye mashine hayupo, akarudi na mahindi yake yaleyale. Ndiyo, jembe lililomuua mzee ni lake, aliliacha mlangoni nje. Ndiyo, alisema mbele za watu, na si mara moja, kwamba atavichoma vile vitabu vya mzee, kwa sababu mzee alikataa kuhama mpaka apewe mkokoteni wa ng'ombe wa kubebea vitabu, na kwa ajili hiyo wao wakabaki peke yao ng'ambo na fisi.

"Ulipoingia chumbani kwake ulimkuta vipi?"

"Sikuingia," Kezia alisema. "Mimi ni mkwe. Tangu niolewe sijakanyaga chumba cha tata, baba wa mume wangu. Nilimwita, hakuitika, nikaenda kuita wanaume. Andika hivyo, au andika unachotaka, si mmeshamaliza?"

Matiko alicheka puani, akasema mwenye kuua haombi ruhusa ya mila. Maneno hayo yalimuudhi Sadick, kwa sababu yalikuwa na akili. Yeye ni wa Mugumu, aliijua heshima ya Wakurya: mke wa mwana havuki kizingiti cha chumba anacholala baba mkwe, hata kufagia. Lakini huwezi kumpelekea jaji heshima akaipokea kama kielelezo. Akatazama saa yake ya mkononi. Saa nne na robo.

Wakavuka mto kwa miguu.

Lazima huyu marehemu aelezwe, la sivyo kesi yote itaonekana wazimu. Tomaso alitunza bustani za wazungu wa mgodini miaka ishirini. Walipofunga mizigo yao kwenda kwao walitupa vitabu shimoni wavichome, naye akaokota kimoja. Kilikuwa cha insha za bustani: mchungaji fulani wa Uingereza, aliyekufa zamani, ameandika kurasa kumi nzima juu ya ua wa michongoma na namna unavyomfundisha mtu subira. Tomaso, aliyejifunza Kiingereza kwa kuamrishwa, alisoma akapagawa. Kuanzia siku ile alitafuta vya namna hiyo tu. Hakutaka vitabu vya kilimo wala vya hadithi. Alikwenda Musoma, akavuka Sirari mpaka Kisii, akagonga milango ya misheni, akabadilishana kuku na asali. Alipofariki alikuwa na vitabu hamsini na nane, vingine vimepigwa chapa kabla hajazaliwa. Watu walimwita Mzee wa Maua, na hawakumaanisha sifa.

Uani kwa marehemu walikuwa wamesimama watu saba, kila mmoja na kitabu mkononi, wote wamenuna. Aliyewatangulia alikuwa Mwanamvua, muuzaji wa duka la ushirika, mwanamke wa maji ya kunde aliyezaliwa Tarime mjini, mtaa wa Nyamisangura. Alimwambia Sadick bila kuzunguka kwamba wamesimama tangu asubuhi na mgambo aliyewekwa mlangoni anawazuia kama wezi, kumbe wao ndio wanaodai.

Wanadai nini? Rehani zao. Mzee Tomaso aliazimisha kitabu kwa yeyote, hata adui yake, lakini hakuandika jina la mtu. Ulileta kitu chako, kitu ambacho ukikikosa utakikumbuka kila siku, akakipokea barazani, akaingia nacho chumbani, akakitundika, akakutolea kitabu. Ukirudisha kitabu unapewa kitu chako. Ndani hakumkaribisha mtu. Na sasa kafa, na hapa hakuna anayekubali kitu chake kilale nyumba ya maiti mpaka mazishi; huo ni mkosi unaofuata ukoo. Ndiyo maana wote saba walikuja na vitabu vyao, hata katekista mmoja miongoni mwao, ambaye angependa kusema haamini mambo hayo.

"Wewe ulitaka kitabu cha Kizungu cha nini?" Sadick alimuuliza Mwanamvua.

"Picha. Nadarizi vitambaa vya meza. Au nalo ni kosa?"

Chumba kilikuwa kidogo, kinanuka tumbaku. Juu ya rafu za mbao za sanduku vitabu vilisimama wima, migongo ya kijani na kahawia. Sakafuni palikuwa na kopo la makaa. Mzee alichoma humo majani ya tumbaku kila siku ili wadudu na mchwa wasimlie mali yake. Moshi huo wa miaka ulikuwa umeugeuza ukuta uliopakwa chokaa kuwa mweusi kama chungu. Ukutani, misumari, na kwenye misumari zilining'inia rehani: pampu ya baiskeli, randa ya seremala, kiatu kimoja cha Jumapili, faneli ya mafuta ya taa, na takataka nyingine za maana kwa wenyewe.

Sadick alifanya kazi ambayo Matiko aliiona ya kipuuzi kabisa. Alipokea vitabu saba kutoka uani, akavirudisha rafuni kimoja kimoja kwenye nafasi zilizokuwa wazi, akiangalia unene na alama ya vumbi. Vyote saba vilikaa. Alipoondoa rehani saba ukutani, nyuma ya kila moja kulikuwa na umbo lake jeupe, mahali ambapo moshi haukufika: pampu nyeupe, kiatu cheupe. Akawapa wenyewe vitu vyao, isipokuwa faneli.

Ikabaki nafasi moja rafuni isiyo na kitabu. Na ukutani ukabaki msumari wa nane, mtupu, na chini yake umbo jeupe.

"Mtu wa nane ameshachukua rehani yake," Sadick alisema. "Kabla yetu."

Matiko aliacha kucheka. Umbo lilikuwa jembamba juu, linapanuka kwenda chini, mdomo mpana. Konstebo alisema hiyo ni faneli, afande, na humu kijijini faneli ni za mwanamke mmoja. Sadick aliibandika faneli ya Mwanamvua juu ya lile umbo, bomba juu. Ilikaribia sana kulingana. Akatoka nje na kumbana yule mama mbele ya watu: una faneli ngapi, ya pili iko wapi, Jumatano mchana ulikuwa wapi, kitabu cha pili umekificha wapi. Alimuuliza kwa ukali uliopita kiasi, na alijua.

Mwanamvua alimsubiri amalize. Kisha akamwambia duka lina faneli moja, ndiyo hiyo, na kwa ajili ya kitabu chake cha maua miezi minane amewamiminia watu mafuta ya taa kwa jani la mgomba lililokunjwa, waulizwe wote walio hapa ni mara ngapi wamemwagikiwa. Waliokuwa hapo waliitikia kwa manung'uniko ya watu waliomwagikiwa kweli. Halafu akasema neno moja la maana.

"Chumbani kwa mzee aliingia mtu mmoja tu, Mwalimu Hezekia, kwa kuwa naye ana ugonjwa huohuo wa vitabu. Wakagombana. Mwaka wa tatu huu hawasalimiani."

Sadick alirudi ndani amenywea. Akapiga magoti mbele ya ukuta, akatazama upya, safari hii bila haraka. Chini ya ule mdomo mpana, katikati, palikuwa na doa jeupe la peke yake, la ukubwa wa kidole gumba. Faneli haina kitu kinachoning'inia ndani yake.

Kengele inacho.

Akakumbuka alichosikia Landrova ilipozimwa, akajiona mjinga. Alivuta rafuni kitabu kilichopakana na ile nafasi wazi. Kilikuwa cha kijani, mgongoni namba moja ya dhahabu, mwaka mzima wa bustani ya waridi umeandikwa kwa insha za miezi, hiki kikiwa na Januari hadi Juni tu. Kwenye jalada la ndani Tomaso alikuwa ameandika kwa penseli, kwa mkono wa mtu mwenye hasira: Mwenzake yuko nje mwaka wa tatu. Arudi kabla sijahama, la sivyo rehani naipeleka mkutanoni wamtambue mwenyewe.

Ilikuwa saa sita na nusu walipovuka mto kurudi, Sadick na kile kitabu cha kijani kwapani.

Darasa la Mwalimu Hezekia lilikuwa chini ya bati jipya la shule, watu kama thelathini kwenye mabenchi ya watoto, magoti yamewafika kidevuni. Hezekia alikuwa mstaafu wa shule ya misheni, mrefu, shati limepigwa pasi. Kengele ilikuwa juu ya meza yake, ya mkono, mpini mweusi, shaba inang'aa.

"Shikamoo, Mwalimu."

Hezekia hakuitikia. Alisema yuko darasani, na kwamba askari anayejua adabu hungoja nje.

Sadick aliuliza kuhusu kengele. Mwalimu alijibu kwa sauti ya kufundishia: kengele ya shule iliibwa miaka mitatu iliyopita, mlinzi Rubeni akafukuzwa kazi kwa uzembe, na jana imeonekana kwenye makuti ya kanisa la zamani, Mungu ni mwema. Sadick aliichukua. Nje ilisuguliwa kwa majivu hadi ikang'aa. Akaingiza kidole ndani, akakisugua kile kipande kinachogonga, kidole kikatoka cheusi. Akakinusa.

"Tumbaku," alisema.

"Mura, kijana wangu, nusu ya kijiji hiki inanuka tumbaku. Utatufunga wote?"

Darasa likacheka, na kicheko hakikuwa cha urafiki. Jibu lilikuwa zuri, Sadick alilikubali moyoni. Umbo ukutani ni umbo tu. Wakili yeyote angelifuta kwa kitambaa. Kwenda kupekua nyumba ya mwalimu bila hati, mbele ya watu hawa, ni kutafuta mawe. Na kabla hajafikiri zaidi, Simioni aliingia amevimba: lori limewahi, dereva hasubiri, mwanamke ameshatolewa ghalani amefungwa kamba mikono, kwa amri ya nani sajini anasumbua walimu?

Hapo Sadick alifanya jambo ambalo hakuja kuliandika kwenye ripoti yoyote. Alimgeukia Simioni kwa upole, akamwambia mwenyekiti ana haki. Nyumba ibomolewe. Vile vitabu havina mrithi anayevitaka, na duka la ushirika limekosa karatasi za kufungia chumvi tangu mwezi wa nane, basi vipelekwe dukani. Waanze na hiki hapa. Mwenzake amepotea, na nusu mwaka haimfai mtu. Akampa Simioni kile kitabu cha kijani.

Simioni aliona raha ya wazi. Alilipasua jalada, akalitupa, akazishika insha za kwanza kwa mkupuo. Januari ikachanika kwa sauti kubwa kuliko ilivyotarajiwa. Akaikunja mfano wa pakiti ya chumvi, akawaonyesha wanafunzi, wakapiga makofi. Sadick hakuwatazama wao. Alimtazama Mwalimu, ambaye alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Simioni akaikamata Februari.

"Usikichane," Hezekia alisema.

Alilitamka neno hilo polepole, karibu kwa kuomba. Simioni hakuacha, kurasa nne zikatoka.

"Usikichane, nakuomba. Mwenzake ninacho mimi."

Hakuna aliyepiga makofi tena.

Yaliyofuata aliyasema mwenyewe, amekaa benchi la mbele kati ya wanafunzi wake, na Matiko akiandika. Kitabu cha pili alikitafuta maisha yake yote, na anayekimiliki akawa mtunza bustani ambaye hakumaliza hata darasa la nne. Tomaso alitaka rehani, naye hakuwa na kitu cha thamani isipokuwa cha shule. Akatoa kengele, akadanganya imeibwa, akamwacha Rubeni afukuzwe. Jumatano mzee alimwambia: kitabu kesho, au kengele mkutanoni. Aliomba wiki moja, akanyimwa. Tomaso alipomgeuzia mgongo ili ayapepee makaa, jembe lilikuwa hapo mlangoni.

"Ungekirudisha kile kitabu rafuni siku ileile," Sadick alimwambia, "nisingeona nafasi, na yule mwanamke angekuwa njiani kwenda Musoma."

"Kengele ilibidi niiondoe. Nyumba ilikuwa na maiti." Hezekia aliziokota kurasa za Januari sakafuni, akazinyoosha juu ya paja. "Kitabu nilikichukua mkononi, nikafika nacho mpaka mlangoni kwangu, nia ni kukirudisha. Sikuweza."

Kile kitabu kilikutwa kwake ndani ya mto wa kulalia.

Lori la Musoma liliondoka na Mwalimu. Kezia alifunguliwa kamba mbele ya watu walewale waliosimama kumwangalia akifungwa, na hakuna aliyemwomba radhi. Simioni alikuwa amekumbuka shughuli nyingine. Mtoto aliletwa, akaanza kunyonya hapohapo, mama yake amesimama. Sadick alimwambia yuko huru, na kwamba vitabu ni vyake na mumewe. Kezia akamwambia vikae huko vilipo. Chumba cha tata hakijaacha kuwa chumba cha tata.

Halafu akanyoosha mkono. "Jembe langu."

Sadick alieleza. Jembe ni kielelezo. Litakwenda Musoma, litakaa mahakamani mpaka kesi iishe. Miezi, labda mwaka.

"Mvua imenyesha siku tatu," Kezia alisema. "Wenzangu wameshapanda. Nitalima kwa nini, kwa kucha?"

Sadick akatoa daftari amwandikie hati ya kupokea. Kezia aliitazama ile karatasi kwa dharau, akamhamisha mtoto titi la pili.

"Tata hakutoa kitu chake kwa karatasi," alisema. "Unachukua jembe langu. Unaacha nini?"

Matiko alitazama chini. Sadick alisimama jua likimpiga kisogoni, akafikiri juu ya kitu ambacho akikikosa atakikumbuka kila siku. Kisha akafungua mkanda wa saa yake, aliyonunuliwa na baba yake siku ya kumaliza mafunzo ya polisi, akamwekea kiganjani. Ilikuwa saa tisa kasorobo.

Kezia aliipima uzito, akaisikiliza sikioni, akamwonyesha mtoto.

"Hii hailimi," alisema. "Lakini utarudi."

Akaifunga kwenye pindo la kanga, akaondoka kuelekea mtoni bila kumuaga.